Hapana Yenye Sababu

Kanamkemer, Lodwar
Jumapili jioni, Januari 1999

Akai mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na sanduku lako nimelifunga kwa kamba ya mkonge kwa sababu kufuli lake lilikufa kabla hujazaliwa. Nimeketi kwenye meza ya mashine. Sitakuandikia habari za chakula, wala mahali pa kuficha pesa gari linapongoja askari wa msafara pale Kainuk, wala habari za wanaume. Hayo umeyasikia kwangu tangu ukiwa mdogo, na ukiyasahau utakumbushwa na njaa, na wezi, na wanaume wenyewe.

Nataka kukuandikia juu ya kazi uliyopata.

Kuanzia Jumanne utakaa kwenye meza ya Bwana Kisaka, wakala wa matangazo wa Kitale, meza ile zinapofunguliwa barua za magazeti madogo. Yatakuja ya makanisa, ya shule, ya vyama vya wafugaji, na yote yanaomba kitu kimoja: yapewe matangazo ya sabuni, chumvi na betri yayachape, ili kila msomaji atakayenunua kwa kuponi aliyoikata gazetini, gazeti nalo lipate kamisheni yake. Wewe ndiye utakayesoma kwanza na kuandika ndiyo au hapana. Barua kama hizo mimi nimeandika nne, na zote nne ziliishia hapana. Ya tano niliitia posta Ijumaa. Itafika nyuma yako kwa siku chache, na utaifungua wewe.

Bila matangazo hayo gazeti letu halitafika mwezi wa nne. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni mkono wako ulioizungusha mashine na ni wewe uliyekuwa ukiniambia wino umefika wapi kwenye mkebe.

Juzi tukila ulicheka ukasema, "Mama, yako nitaipitisha ya kwanza." Niliinuka nikaosha sahani iliyokuwa safi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekwisha kukuambia kwamba umeniuza kwa kiti cha ofisini, na niliona heri ninyamaze kuliko kuongeza. Neno lile la kiti siwezi kulirudisha. Kwenye stensili, karatasi ya nta ya kudurufia, ukikosea unapaka ile rangi nyekundu na kupiga herufi nyingine juu yake, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona palipokosewa. Na liache lionekane. Sasa nitakujibu lile la juzi, na jibu langu ni refu.

Barua ya kwanza niliiandika wiki ileile lilipotoka toleo la kwanza. Halmashauri ilikuwa imetupunguza sisi makarani wa kupiga taipu, na mashine hii ya kudurufu nikainunua kwenye mnada wao pamoja na meza yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua ilikuwa ya nini. Nilikuwa na kidato cha nne na kiburi cha kidato cha nne. Nilikuwa nimechapa karatasi moja pande zote mbili, nikaiita Kawalase, jina la mto wetu ambao mwaka mzima ni mchanga. Watu sokoni walinicheka wakasema mama huyu ametabiri mwenyewe mwisho wa gazeti lake. Nusu ya toleo lile niliinakili kutoka magazeti ya Nairobi yaliyofungiwa sukari dukani. Niliwaandikia watu wa mbuzi bei ya kahawa.

Kutoka Kitale ilirudi kadi iliyochapwa: tunasikitika kukujulisha kwamba ombi lako halikufanikiwa. Basi. Shajara yangu ya siku hiyo ina mstari mmoja tu: "Watu wa chini hawatupendi," yaani wale wa Kitale na Nairobi. Niliamini hivyo karibu mwaka mzima, na ilikuwa imani tamu. Mtu akikunyima bila kukuambia kwa nini, unajichagulia sababu mwenyewe, na sijaona bado mtu aliyejichagulia ile inayomuuma. Kuna watu hapa Lodwar waliozeeka na sababu za namna hiyo. Nilipolisoma tena toleo lile baadaye, nilikohoa kwa aibu nikiwa peke yangu chumbani. Ningekuwa Kisaka ningelikataa kabla ya kufika kwenye kahawa. Maneno yale alikuwa amekwisha kuyasoma kwenye gazeti jingine, na aliyeyaiba hata kuyafuta vumbi hakuyafuta.

Kisha nikakutana na Mwalimu Deng. Wewe umemjua akiwa kama mjomba wako, lakini siku ile alikuwa mkimbizi mrefu mwenye shati moja, anafundisha watoto chini ya turubai kambini Kakuma. Nilikwenda kumuuliza kama watu wa kambi wangenunua gazeti. Akaniambia watu wa kambi hawana mbuzi wa kuulizia bei, lakini kila mmoja wao anatafuta mtu. Ndipo ukurasa wa nyuma ulipoanza. Mbele tuliweka soko la mifugo, malori yanayoshuka kutoka Lokichoggio, siku za mgao wa chakula, na wanyama waliopotea pamoja na alama za masikio yao. Nyuma tuliweka watu: fulani binti fulani, aliachana na ndugu zake njiani, ana kovu mahali fulani, anatafutwa na fulani. Deng alikuwa akisimama penye kibanda cha chai na nakala moja, akiusoma ukurasa huo kwa sauti kutoka juu hadi chini, na watu wakiwa wamejaa kivulini mpaka wengine wanasimama juani. Mara chache, chache sana, mtu aliinua mkono.

Sasa nilikuwa na gazeti. Kosa langu la pili likawa kutoliamini. Kwenye barua ya pili niliandika idadi ya wasomaji niliyoitamani. Nilijiambia kwamba kila aliyekuwa akisikiliza pale kibandani ni msomaji, na kila aliyewahi kupita karibu na kibanda naye huenda alisikia, na kufikia mwisho wa mstari nilikuwa nimewahesabu watoto wa mgongoni. Kisaka hakujibu kwa barua. Alimtuma dereva wake, ambaye alikuwa akipeleka mzigo Lokichoggio. Unakumbuka? Alikunywa chai yetu, akasifu chai, akaomba kuona nakala zinavyotunzwa. Wewe kwa uaminifu wako ukamwonyesha. Akainua shuka la kitanda, akaona marobota ya matoleo ambayo hayakuuzwa, akageuka kwangu kwa upole kabisa.

"Mama, wasomaji wako ndio hawa wanalala huku?"

Ulicheka. Ulikuwa msichana mdogo na lilichekesha kweli. Nilikupiga alipoondoka, nawe hukuelewa kwa nini, kwa sababu kwako kosa lilikuwa lake. Huko mezani utakutana na idadi za namna hiyo kila siku. Utazijua kwa jinsi zilivyo nono na laini, hazina hata moja iliyokonda. Anayesema kweli ataandika idadi ya kuhuzunisha na kuomba radhi.

Barua ya tatu niliiandika kama mtu anayeomba radhi, na ndiyo iliyofungua mlango. Bwana Kisaka alitupa majaribio ya miezi mitatu, sabuni ya kufulia. Kuponi ichapwe gazetini, msomaji aikate, aipeleke duka la Abdi pale Kakuma apunguziwe bei, Abdi azikusanye, azirudishe Kitale, nasi tulipwe kwa kila kuponi. Tuliimba siku ile. Shajara yangu inasema kwamba nilinunua nyama.

Maagizo ya Kisaka yalikuwa mafupi: weka tangazo mahali macho yanapokwenda. Nami nilijua macho yanakwenda wapi. Niliiweka kuponi chini ya ukurasa wa mbele, kwenye kona, ili mtu akigeuza karatasi kutafuta majina aione kwanza. Niliona nimefanya akili. Karatasi, Akai, ina pande mbili. Mimi niliyepiga taipu miaka kumi na miwili sikuliwaza hilo. Nyuma ya kila kuponi palikuwa na majina ya watu.

Hakuna aliyekata. Mwezi mzima, kuponi hata moja. Nilipanda lori la mizigo mpaka Kakuma nikiwa na hasira, nikamkuta Deng kibandani na gazeti likiwa zima mkononi, nikamuuliza kwa nini hawaambii watu wakate. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyejibu hesabu kabla ya kusikiliza swali.

"Mama Akai, hapa nyuma iko jina ya kijana. Mama yake ndiyo ule nasimama na jagi. Wewe nataka mimi kata?"

Nikatazama. Yule mwanamke alikuwa akitutazama na jagi lake. Walionunua nakala zao wenyewe walikuwa wamezikunja na kuzitia ndani ya kadi ya chakula, wasiguse, kwa sababu huwezi kujua ni jina gani mtu atakuulizia kesho. Na kutia wembe kwenye jina la mtu ambaye hujui kama yu hai, hilo hata mimi, nikilisema kwa sauti, lilinikaa vibaya mdomoni.

Lakini sabuni walikuwa wamenunua. Hilo ndilo lililonitia kichaa. Abdi alikuwa na kipande cha boksi ukutani kimejaa mistari ya kalamu. Akaniambia, "Wanakuja, wanasema sisi watu ya gazeti. Nauliza karatasi iko wapi, wanasema iko kwa Mwalimu. Sasa mimi nafanya nini? Nawapunguzia, napiga mstari." Mistari yake ilikuwa ya kweli. Abdi ni mtu wa kubishana hata juu ya kiberiti. Asingepiga mstari wa bure kwa ajili yangu.

Basi tukafanya lile tulilofanya. Nasema tukafanya, kwa sababu wewe ulishika rula. Tulizitoa nakala zilizobaki chini ya kitanda, nikachukua wembe, nikakata kuponi sawasawa na mistari ya Abdi, hata moja zaidi sikukata. Ulikuwa usiku wa upepo, nawe ulikalia karatasi zisiruke. Tulizifunga kwa uzi na kuzipeleka Kitale, nami nililala nikiwa na dhamiri safi. Idadi ilikuwa ya kweli, mnunuzi wa kweli, sabuni ya kweli. Kilichokuwa cha uongo ni kingo tu.

Jibu lilikuwa la mwandiko wa Kisaka mwenyewe: "Kuponi hizi zimekatwa zote kwa mkono mmoja. Hatufanyi kazi na watu wa namna hiyo." Nilimwandikia kumweleza habari za majina, na Mwalimu, na boksi la Abdi. Ikarudi kadi ya tunasikitika. Nikapanda basi nikamfuata. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Nilieleza kila kitu kwa utaratibu, na nilipomaliza akasema anaamini neno langu, lakini kwamba hilo halibadilishi kitu. Alinionyesha ukurasa wa nyuma kwa ncha ya kalamu bila kuugusa kwa kidole.

"Hata kama hukudanganya, mama, nani ananunua sabuni akiwa analia? Hili si gazeti. Haya ni matanga yaliyopigwa chapa."

Nilimaliza soda. Ningetamani kukuandikia kwamba niliiacha mezani.

Sasa nafika mahali ambapo sina mtu wa kumsingizia. Nilirudi nyumbani nikayatoa majina. Unakumbuka tulivyobishana, na jinsi nilivyokuambia kwamba wewe bado ni mtoto na majina hayatulishi. Tulichapa matoleo mawili mazuri, safi, yenye mapishi ya maharagwe na methali, na nafasi nyeupe nyuma ya kuponi ili mtu akate bila kuumia. Niliyapenda yale matoleo. Deng alichukua robota lake la kwanza akaenda nalo kambini. Baada ya siku tatu alirudi nalo mwenyewe mpaka hapa Lodwar, safari yote hiyo, na akakataa kuketi. Tulisalimiana ejok, akajibu ejok, akaliweka robota mlangoni.

"Watu iko nauliza," akasema. "Wote wamepatikana?"

Ulikuwa jikoni na ulisikia. Hukutoka. Nimekuwa nikijiuliza ulikuwa unafanya nini mle jikoni, maana hakukuwa na moto. Nilimwambia Deng ni ya muda tu. Akasema sawa mama, akaenda kutafuta lori la kurudi. Mwanamke mmoja, Deng aliniambia baadaye, si yule wa jagi, mwingine, alilia kwa furaha aliposikia kwamba majina yamekwisha, kwa sababu alidhani habari ya mwanawe imefika nyumbani kwake wakati yeye amelala. Ilibidi Deng amweleze. Sikumuuliza alimweleza kwa maneno gani.

Na bado, pamoja na hayo yote, nilifunga matoleo yale mawili kwenye bahasha pamoja na barua ya nne, nikakutuma wewe Kitale uyapeleke kwa mkono. Sikwenda mwenyewe kwa sababu ya ile soda. Nilikuvalisha gauni langu la kanisani, nikakubana kiuno kwa pini.

Yaliyotokea huko nimeyasikia kwako mara moja tu na sikukuruhusu kuyarudia. Kwamba Kisaka alifungua, akageuza, akauliza limeenda wapi lile la zamani. Ukasema hili ndilo. Akasema, "La zamani lilikuwa la kusikitisha lakini lilikuwa na mwenyewe. Hili ni la nani?" Kisha akauliza nani amepanga kurasa, nani amechora mistari hii iliyonyooka, nani anazungusha mashine, unajua lugha ngapi. Ukajibu. Akarudisha bahasha.

"Gazeti silitaki. Wewe nakutaka."

Ukarudi na basi la asubuhi, umeshika bahasha kwa mkono mmoja na barua ya kazi kwa mkono mwingine. Niliisoma ile ya kazi nikiwa nimesimama. Ndipo nilipokuambia lile la kiti.

Nimekuwa nikilichunguza tangu siku ile, kwa sababu sipendi kusema maneno ambayo siwezi kuyathibitisha. Hukuniuza. Ulipimwa mezani pamoja na kazi yangu, wewe ukaonekana mzito nayo ikaonekana nyepesi, na mizani ile haikuwa imeharibika. Hilo ndilo lililoniuma. Kama angekukataa nawe, ningekupikia uji na tungemtukana pamoja mpaka Pasaka. Usije ukadhani mama hufurahi moja kwa moja mwanawe akikubaliwa mahali alipokataliwa yeye. Hufurahi kwa zamu, na hiyo zamu nyingine ni mbaya. Nakuambia hivi kwa sababu utakuwa unawakataa watu wazima wenye watoto, na wengine watakuchukia kwa adabu sana.

Babu yako wa Namoruputh hakujua kusoma, na kwake watu walikuja kuomba kila siku; sisi hatuoni haya kuomba. Mtu alikuwa akikaa, akisifu kundi, kisha anamtaja mbuzi anayemtaka. Babu yako alikuwa mchoyo, usidanganywe na hadithi za shangazi yako. Alikuwa akinyima wengi kuliko aliowapa. Lakini alikuwa akinyima kwa mbuzi mmoja mmoja: yule ana mimba, yule ni wa mjane wa ndugu yangu, yule ana ugonjwa wa mapafu atakuulia wako, na yule mweupe sikupi kwa sababu mwaka jana nilikupa na hukurudi kunisalimu hata mara moja. Mwombaji aliinuka mikono mitupu, mara nyingine amekasirika, lakini alijua ni kipi cha kurekebisha, na wengine walirudi. Katika kadi ya tunasikitika hakuna mbuzi hata mmoja.

Utajifunza upesi. Una kichwa kilichonyooka na sura ya kupendwa haraka, na hivyo viwili vikikaa pamoja vinamfanya mtu kuwa mkatili bila kutambua. Wiki ya kwanza utasoma kila barua mpaka mwisho. Mwezi wa pili utasoma mwanzo na jina. Itakuja ya katekista fulani anayeanza kwa salamu za Bwana wetu Yesu Kristo, amechapa toleo moja tu, amenakili mahubiri ya mtu mwingine, ametumia sanduku la posta la shule, na wewe utakuwa umemkataa kabla chai haijapoa. Na utakuwa umefanya sawa. Lakini yeye atakaa mwaka mzima akiamini kwamba ni kwa sababu ya dini yake, au kabila lake, kama mimi nilivyoamini. Mwaka wake huo utakuwa mikononi mwako, na mstari mmoja wa kalamu ungemrudishia.

Sasa hiyo ya tano.

Majina yamerudi nyuma, yote, na mengine mapya. Nimeondoa mapishi. Idadi ya wasomaji nimeiandika ilivyo, na itakuhuzunisha. Pa kukatia kuponi hapapo, kwa sababu nimepima kwa rula upande huu na upande huu, na popote utakapoweka kuponi utamtoa mtu. Nimeomba wakubali mistari ya Abdi badala ya kuponi. Bwana Kisaka hakubali mistari ya muuza duka. Asiyekuwa na kuponi hana ushahidi, na ni kwa ushahidi huo yeye naye analipwa na wenye sabuni. Utaratibu huo utaukuta umebandikwa ukutani, nimeuona kwa macho yangu. Kwa hiyo unajua jibu lake, na mimi nilijua nilipokuwa nikilamba stempu.

Ukiipitisha, ataiona. Atakuuliza kuponi ziko wapi, nawe itakubidi uzitafute mahali, na siku hiyo utaanza kutafuta wembe. Sikukulea uje uikate riziki yako kwa ajili yangu. Halafu utafukuzwa, utarudi hapa, na tutakuwa wawili tunaotazamana juu ya mkebe mtupu wa wino. Kisaka ataandika tena "mkono mmoja", na safari hii atakuwa amesema kweli.

Andika hapana. Usinitumie kadi. Andika kwa mwandiko wako ni nini kimekosekana, na kama kipo cha kurekebisha, na kama hakipo uandike kwamba hakipo. Kisha gazeti litakufa mwezi wa nne, nami nitakwenda Kakuma kumwambia Deng, naye atawaambia watu, na safari hii hakuna atakayedhani kwamba wote wamepatikana.

Basi la Kitale linaondoka alfajiri na nusu ya Kanamkemer watakuwa pale na kuku wao. Barua hii naiweka juu ya sanduku lako, uisome usiku huu; sanduku nitalibeba mimi. Kabla hujapanda nitakuomba uipitishe hiyo ya tano, Akai. Nitakuomba kweli, mbele ya watu, kwa maneno yote mazuri niliyo nayo. Nitakutajia mimba yangu na maziwa yangu, nitataja jina la baba yako aliyekufa. Huenda nikalia, na sitakuwa nikiigiza. Usinikumbatie ili ninyamaze. Nitazame usoni, uniambie hapana, uniambie na kwa nini, kisha upande gari.

Mama yako